Ule mlango wa Walter

Marahaba mwanangu.

Ujumbe wako nimeusoma kutwa, nikauacha, nikaurudia. Umeniuliza juu ya ile tamthilia ya televisheni, Fringe: "Mama, ungekuwa na mlango ule wa Walter, ungevuka kwenda kumchukua kaka?" Halafu chini yake, kama mtu anayesema neno huku keshashika kitasa cha mlango, ukaongeza: "Na mimi ningezaliwa?" Najua lililokukaa moyoni ni hilo la pili. Niache nianze na la kwanza, maana ndilo lililoninyima usingizi.

Uliponiachia Fringe kwenye flashi ulisema nitaipenda kwa kuwa nimefundisha fizikia. Msimu wa kwanza kweli niliuangalia kiualimu. Ndege inatua Boston, abiria wote wamekufa, nyama zimeyeyuka. Olivia Dunham, mpelelezi wa FBI ya Marekani, anamtoa mwanasayansi mzee Walter Bishop katika hospitali ya wagonjwa wa akili alikokaa miaka 17. Wanaifungua tena maabara yake ya chuo kikuu cha Harvard, na ng'ombe wanamfuga humohumo. Kila tukio nililitafutia kosa. Mpaka ile sehemu ya msimu wa pili inayorudi nyuma hadi 1985.

Hapo ualimu ulinitoka. Walter amefiwa na mwanawe mdogo, Peter. Lakini ana dirisha alilolitengeneza mwenyewe, analotazamia ulimwengu wa pili, na huko yuko Peter mwingine anayeumwa ugonjwa uleule. Anamwona Walter wa huko akihangaika na dawa, na dakika dawa inapokubali, yule baba kageuza uso, haioni. Niliisimamisha picha hapo nikatoka nje, nikasimama uani hadi kiza kikaingia.

Walter anavuka kwenye ziwa la Reiden, barafu tupu, na kichupa mfukoni. Nia yake ni kumpa mtoto dawa na kurudi. Kichupa kinavunjika. Basi anambeba mtoto, amtibu huku kisha amrudishe kwao.

Watu wanabishana kuhusu Walter. Mimi nilimtazama Elizabeth, mkewe. Anaingia, anamwona mtoto yu hai, anamkumbatia, na kwa jinsi alivyomshika mtoto, Walter anajua huyu harudi tena. Anajua si wake, na bado hamwachii. Baadaye mtoto anapong'ang'ania kwamba hapa si kwao, Elizabeth anamdanganya. Uongo ule ukamla ndani kwa ndani mpaka akajiua.

Kwa hiyo ndiyo, mwanangu, ningevuka. Na kumrudisha, nisingemrudisha. Nakwambia hivi kwa kuwa umeshakuwa mtu mzima. Kaka yako alikuwa na miaka sita. Malaria ilimpanda kichwani, siku tatu tu. Ningeonyeshwa dirisha, nimwone upande wa pili anasukuma tairi lake barabarani, nisingekaa kufikiria habari za mama yake wa huko anayempikia uji. Na huyo mama angeamka akute kitanda kitupu.

Ndiyo maana nilipofika zile sehemu za ulimwengu wa pili niliangalia kwa uchungu. New York yao ina ile minara miwili iliyoangushwa kwetu 2001, bado imesimama, na zepelini, zile ndege za puto, zinafunga kamba juu ya jengo la Empire State. Unaweza kuitamani. Lakini dunia yao inatoboka tangu Walter alipopita, na kila inapotoboka wanaziba kwa kaharabu, kitu cha manjano kinachoganda kama kioo, na watu waliokuwa pale wanagandia humo. Hilo nadhani waandishi walilielewa vizuri sana.

Umetaka pia kujua kama wanasayansi wanayaamini mambo haya. Mwanafizikia Hugh Everett aliandika tasnifu yake chuo kikuu cha Princeton, Marekani, ikachapishwa 1957. Alisema milinganyo ya kwanta, ile fizikia ya vitu vidogo kama atomu, ikichukuliwa ilivyo, bila kuongezewa kitu, basi kila tokeo linalowezekana linatokea, kila moja katika tawi lake. Wanafizikia wanabishana juu yake hadi leo. Lakini hata kwa Everett, matawi yakishaachana ndiyo yameachana. Hakuna ziwa la kuvukia. Hilo nililijua miaka yote ya kushika chaki, na sikuwahi kulishukuru mpaka nilipomwona Elizabeth.

Sasa lako. Ulizaliwa miaka miwili baadaye. Majirani walikuja na kanga na sabuni wakisema Mungu amerudisha. Baba yako alitaka upewe jina la kaka yako, na shangazi zako wote wakamuunga mkono. Nilikataa. Tuligombana, siku ya saba ikapita huna jina. Jina lile lilikuwa la mwenyewe, na wewe ulikuja na sura yako, na kilio chako cha usiku ambacho yeye hakuwa nacho. Angepona, pengine usingezaliwa, siwezi kukuficha. Lakini hakuna siku niliyokushika wewe nikawa namtafuta yeye. Hakuna hata moja.

Ile sehemu ya tulipu nyeupe nimeiangalia mara tatu. Walter anamwomba Mungu ishara ya msamaha, anapata karatasi yenye ua lililochorwa kwa mkono. Msimu wa tano sijaugusa, nakusubiri Desemba tuuangalie pamoja. Na ukija twende Muheza kwa babu yako. Tulikuwa tunapita pale makaburini kila sikukuu, na sikuwahi kukuonyesha la kaka yako ni lipi.

Mama yako