Imeili ya pesa ikae peke yake, pamoja na njia zake za kurejesha

Mkuu, umeuliza kama kuna faida yoyote ya kuwa na imeili tofauti kwa ajili ya benki, UTT (mfuko wa uwekezaji wa pamoja, unanunua vipande) na Payoneer (huduma ya kupokea malipo kutoka nje), au ni kujisumbua bure wakati Gmail yako ya tangu chuo bado inapiga kazi. Faida ipo. Ila wengi ninaowaona wakitenganisha, wanatenganisha jina tu, mlango wa nyuma wanauacha wazi.

Nina steshenari yenye huduma za mtandao Ng'ong'ona, jirani na UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Wateja wangu ni wanafunzi, na jioni watumishi wanaorudi kutoka Mtumba, kwenye mji wa serikali. Kazi hii inakuonyesha imeili za watu zinazaliwa wapi. Kijana kamaliza kidato cha sita Kondoa au Mpwapwa, anataka kuomba mkopo wa chuo HESLB, bodi ya mikopo, mfumo unadai imeili, hana. Anamwambia wa kaunta, "Kaka nifungulie." Wa kaunta anafungua, anaweka nywila anayowawekea wateja wote, jina na 123, na panapotakiwa namba ya simu anaweka yake mwenyewe ili kazi iende haraka. Dogo anapata mkopo, anamaliza chuo, anaingia Ajira Portal, mfumo wa kuomba kazi serikalini, kwa imeili ileile, anaitwa kazini, anafungua akaunti ya mshahara, fomu inauliza imeili, anaandika ileile. Miaka imepita, dogo sasa ni bosi wa watu, na kuna jamaa kwenye kaunta fulani ambaye simu yake bado inaweza kupokea namba za kuufungua mlango huo. Pengine jamaa hana hata habari. Lakini laini isipotumika muda mrefu hufungwa na baadaye huuzwa upya, na huyo atakayeinunua humjui.

Kwa hiyo kabla ya kufungua imeili mpya, ingia kwenye hiyo ya chuo, nenda sehemu ya usalama, tazama vitu vitatu: namba ya kurejeshea akaunti ni ya nani, imeili ya kurejeshea ni ipi, na ni vifaa gani bado vimeingia. Hapo kwenye vifaa ndipo watu hushika vichwa dukani kwangu. Utakuta kompyuta ya Windows ambayo mwenyewe huikumbuki, bado iko ndani. Itoe. Halafu tazama kwenye mipangilio ya Gmail kama barua zako zinapelekwa nakala kwenye anwani nyingine. Mtu akiwahi kuingia mara moja tu na kuweka mpangilio huo, hana haja ya kurudi.

Sasa kwa nini utenganishe. Karibu kila huduma ya pesa mtandaoni ina kitufe cha "nimesahau nywila", na mara nyingi kitufe hicho hutuma kiungo kwenye imeili. Aliyeshika imeili yako hahitaji kuijua nywila ya Payoneer, anaweka mpya. Na hiyo imeili ya chuo umeigawa kila mahali: kwenye CV, kwenye daftari la mahudhurio ya semina, kwenye tovuti za kamari, kwenye kundi la WhatsApp la wahitimu. Yahoo walivamiwa mwaka 2013, na mwaka 2017 kampuni ikakiri kwamba akaunti zote, takriban bilioni 3, ziliguswa. Ukitaka kujua kama yako imo kwenye uvujaji unaojulikana, ingia Have I Been Pwned, tovuti aliyoianzisha Troy Hunt wa Australia mwaka huo huo wa 2013. Unaandika imeili tu. Ukurasa ukikuomba nywila ya imeili yako ndipo uitafute, toka, usiiandike.

Faida ninayoipenda zaidi ni nyingine kabisa. Imeili ya pesa ikijulikana na taasisi tatu tu, ujumbe wa "akaunti yako imefungwa, bonyeza hapa" ukitua kwenye imeili yako ya kawaida, huna haja ya kuchunguza nembo wala kukagua anwani ya mtumaji. Benki yako haiijui imeili hiyo. Unafuta, unaendelea na chai yako.

Turudi kwenye mlango wa nyuma. Mtu anafungua imeili mpya safi, Google inamwuliza imeili ya kurejeshea, anaandika ile ya chuo. Amerudi palepale: atakayeiteka ya chuo ataomba kurejesha ya pesa. Pili, anaingia mara ya kwanza kwenye simu, simu inamwuliza "nihifadhi nywila?", anabonyeza ndiyo bila kusoma. Nywila hiyo imehifadhiwa wapi? Kwenye akaunti ya Google iliyo kwenye simu, yaani ileile ya chuo. Tatu, anaweka Google Authenticator, programu inayotoa namba za kuthibitisha wakati wa kuingia, jambo zuri sana, lakini tangu 2023 programu hiyo inaweza kuhifadhi nakala ya namba zake kwenye akaunti ya Google, na akaunti iliyopo ni ipi? Hii ya tatu hata mafundi wanaipita. Haina maana kununua kufuli mbili kisha ukazifunga funguo zake zote kwenye kamba moja.

Mimi nafanya hivi. Imeili ya pesa nimeifungulia kwenye simu yangu mwenyewe, kwa bando langu, si kwenye kompyuta ya duka ingawa ni la kwangu. Namba ya kurejeshea ni laini yangu iliyosajiliwa kwa NIDA yangu, yaani kitambulisho cha taifa. Imeili ya kurejeshea sijaandika yoyote, na badala yake nimechapisha zile namba za akiba za Google, za kuingilia ukikosa simu. Ukiziomba wanakupa 10, kila moja ina tarakimu 8 na inatumika mara moja tu. Karatasi iko kwenye bahasha pamoja na hati ya kiwanja, na mama watoto anajua ilipo, maana nikiondoka ghafla hakuna wa kumwambia vipande vya UTT viko wapi. Nywila haifanani na nyingine yoyote niliyo nayo, nayo imeandikwa kwenye daftari la nyumbani. Najua wapo watakaosema kuandika nywila kwenye karatasi ni ushamba. Mwizi wa Nzuguni anataka televisheni, hana shida na daftari. Wa mtandaoni hawezi kufika kabatini.

Jina la imeili lisiwe na neno benki au pesa, wala mwaka wako wa kuzaliwa. Liwe jepesi kulitaja kwa mdomo, kwa sababu utalisoma kwa sauti mbele ya afisa wa benki huku foleni inakusikiliza. Nilibadilisha imeili kwenye tawi moja la benki hapa mjini, wakaandika herufi moja vibaya, taarifa zangu zikawa zinakwenda kwa mtu nisiyemjua. Waombe wakutumie kitu chochote hapohapo, usibanduke dirishani mpaka ukione kwenye simu.

Jamaa mmoja kwenye mjadala huu amesema haina haja ya imeili mpya, uweke tu alama ya kujumlisha na neno lolote baada ya jina lako la Gmail, mfano jina+benki. Ni kweli barua zinafika, na ni njia nzuri ya kumjua aliyeuza anwani yako. Lakini kikasha ni kilekile na nywila ni ileile. Nukta nazo Gmail haizihesabu, kwa hiyo kuongeza nukta hakuleti anwani mpya.

Na aliyeshauri imeili moja kwa kila taasisi, sikubaliani naye. Kwa mtaalamu sawa. Mtu wa kawaida akiwa na imeili saba, tano atazisahau, na Google tangu Desemba 2023 wanafuta akaunti binafsi zisizotumika kwa miaka 2. Tatu zinatosha: ya watu na kazi, ya pesa, na ya takataka kwa ajili ya kila tovuti inayolazimisha ujisajili. Hiyo ya pesa uifungue angalau mara moja kwa mwezi hata kama huna shida.

Wazee wetu wenye Yahoo za enzi za intaneti kafe nawaonea huruma zaidi. Mwaka 2013 Yahoo walitangaza kuyatoa kwa watu wengine majina yaliyokuwa yamelala kwa miezi 12 au zaidi, na baadhi ya waliopewa wakaanza kupokea barua za wenye majina wa zamani. Kama mzazi wako alifungua akaunti ya benki miaka ya 2000 na kuandika Yahoo ambayo hajaifungua tangu hapo, mpeleke tawini aibadilishe wiki hii.

Kuhamisha, anza na ile yenye uwezo wa kutoa pesa nje. Benki nyingine zinaruhusu ubadilishe kwenye programu, nyingine zinataka uende na kitambulisho ujaze fomu. Imeili ya zamani usiifute, iache hai mpaka uwe na hakika hakuna kilichobaki.

Usitarajie imeili ikulinde kwa kila kitu, hata hivyo. M-Pesa, Airtel Money na wenzao wamefungwa kwenye laini, kwa hiyo matapeli wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" hawahusiani kabisa na haya. Ujumbe wao unaupeleka 15040, namba ya kuripoti utapeli. Piga pia *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, maana huwa kuna mshangao. Na laini iwekee namba ya siri, simu nayo ifunge, kwa sababu ikikwapuliwa sokoni Sabasaba ikiwa haijafungwa, imeili zote tatu zimeondoka nayo. Mimi ya pesa iko kwenye simu ya zamani isiyo na laini inayokaa nyumbani. Kero yake naijua: nikiwa safarini Singida siwezi kufanya lolote linalohitaji imeili hiyo mpaka nirudi. Nimeamua kuibeba kero hiyo. Wewe unayepokea malipo ya Payoneer kila wiki huenda usiimudu, basi iweke kwenye simu yako lakini zima arifa zake zisionekane kwenye kioo kilichofungwa.

Ukikwama kwenye kuhamisha, uliza hapahapa nitakujibu. Usiweke tu picha ya skrini inayoonyesha imeili yenyewe.