Kemo imegoma kwa mama, miezi 4 tu ugonjwa umerudi

Pole sana dadangu. Umesema mama alimaliza kaboplatini (kemo ya jamii ya platinamu) ya saratani ya ovari, miezi 4 tu tumbo linajaa maji tena, na unauliza kama waongeze dozi ya dawa ileile. Ikirudi kabla ya miezi 6 madaktari huwa wanahesabu uvimbe umeshakuwa sugu kwa dawa za jamii hiyo, so kuongeza dozi mara nyingi ni kumtesa tu. Shangazi yangu walimbadilishia, akapewa paklitakseli kila wiki, dozi ndogondogo, wengine hupewa doksorubisini au jemsitabini, na bevasizumabu (dawa ya kuzuia uvimbe kuota mishipa ya damu) ikiongezwa huwa inachelewesha ugonjwa ila bei yake usiulize, na kama utumbo umeshikwa inaweza kuutoboa, hilo mwulizeni daktari wa saratani mapema. Ombeni pia kipimo cha jeni za BRCA, zile za kurithi ambazo zikiwa na hitilafu huongeza hatari ya saratani ya ovari na matiti, kinawahusu hata nyie mabinti. Zile dawa za mizizi za jirani wekeni pembeni, zingine zinagombana na kemo kwenye ini. Homa ikifika 38, au anatapika na hapati choo, hospitali usiku huohuo, msisubiri siku ya kliniki.