Ukifika Yerusalemu na kamera, anzia kwa muuza mkate

Siku tatu zangu za kwanza Yerusalemu nilipiga picha Kuba la Mwamba, lile jengo takatifu la Waislamu lenye paa la dhahabu, kutoka kila upande. Usiku nikizipitia picha, zote zilifanana na kadi za posta zinazotundikwa madukani karibu na Lango la Yafa. Siku ya nne nilichoka kutembea, nikakaa kwenye ngazi za Lango la Dameski, na hapo ndipo kazi ilipoanza.

Mji wa Kale ni mdogo, takriban kilomita moja ya mraba ndani ya kuta alizojenga Sultani Suleiman kati ya 1537 na 1541. Kwa udogo huo mgeni hutaka aumalize wote kwa siku moja. Wewe unayeanza, chagua kona moja, ukae hapo saa nzima.

Alfajiri utamwona muuza kaaki, mkate mrefu wa mviringo uliojaa ufuta, akiipanga kwenye mkokoteni. Ukinunua, anakufungia zaatari kidogo, mchanganyiko wa majani makavu ya viungo na ufuta, kwenye kipande cha gazeti. Kisha tazama mikokoteni ya wachukuzi. Vichochoro vinashuka kwa ngazi, na juu ya ngazi kuna vijia vyembamba vya magurudumu. Nyuma ya mkokoteni linaning'inia tairi kuukuu kwa mnyororo, na kwenye mteremko kijana hulikanyaga kwa uzito wake wote ili lifunge breki. Mikokoteni hiyo ilinipita siku tatu nzima kabla sijaliona hilo tairi!

Kuhusu mwanga, jihadhari na jiwe. Tangu 1918, enzi ya Waingereza, majengo yalitakiwa kuvikwa jiwe la chokaa la huko huko, kwa hiyo karibu kila ukuta una weupe uleule. Kamera hudanganyika, ikadhani kuna mwanga mwingi mno, na picha inatoka ya kijivu. Ongeza mwanga kidogo mwenyewe. Ndani ya masoko yaliyoezekwa mambo hugeuka: mwali wa jua unapenya kwenye tundu la dari, kandokando ni giza. Pima mwanga kwenye ule mwali, giza liache liwe giza, halafu subiri mtu aingie.

Kwenye Ukuta wa Magharibi, wanaposali Wayahudi, kuanzia Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi usiku, yaani Sabato yao, kamera ikae mfukoni. Askari na vizuizi vyao waache. Watu wakiwa katika sala, popote pale, shusha mkono.

Lililo gumu zaidi ni watu. Kwenye ngazi zile zile za Lango la Dameski huketi akina mama wa vijijini wakiuza nanaa na majani ya mzabibu. Nilimpiga picha mmoja wao bila kumsalimu. Alivuta ncha ya mtandio akafunika uso, akageukia ukutani, na wateja wawili waliokuwa mbele yake wakaondoka. Niliona haya sana. Sisi tuna salamu mdomoni tayari: salaam aleikum, sabalkheri, zote zinaeleweka pale. Na neno la Kiarabu la kuombea picha ni "sura". Kwetu sura ni uso wa mtu. Kwao ni picha. Kila nikilitamka huhisi kwamba naomba uso wenyewe, na nadhani ndivyo inavyopaswa kuhisiwa.

Kesho yake nilirudi bila kamera, nikanunua fungu la nanaa. Keshokutwa nikanunua tena, safari hii kamera ikiwa begani, na sikuigusa. Yeye ndiye aliyeinyooshea kidole. Akatikisa kichwa, akauonyesha uso wake: hapana. Kisha akainua majani ya mzabibu, akayapanga moja juu ya jingine kama anayehesabu noti, mikono imekauka, kucha zimeingia kijani. Nilipiga picha nne. Nilimwonyesha kwenye kioo cha kamera, akaichagua ya tatu.