Omera, usikate hiyo floo Jumamosi

Wewe uliyeandika juzi kwamba umepata Datsun 240Z ya 1972, ile gari ya spoti ya milango miwili, huko Mamboleo, Kisumu, floo imeoza pande zote mbili, na fundi wako wa Kibuye amesema Jumamosi mtatoa milango mkate floo yote pamoja na zile boksi za chini ya milango, siku moja mmalize. Halafu ukauliza kama uweke injini ya L28 ya Nissan ama 2JZ ya Toyota, rangi inaenda lita ngapi, raba za windskrini zinapatikana wapi na bima inakuwaje. Nimesoma hiyo kitu saa nne usiku nikiwa kitandani nikakaa wima, mama watoto akauliza nani amekufa. Hakuna mtu amekufa lakini kuna gari inaenda kuuawa Jumamosi, na mimi najua venye inauawa ju yangu iliuawa hivo hivo hapa Nakuru, mbele ya macho yangu, nikiwa nimeshika tochi namulikia mtu anayeiua.

USIKATE. Grainda isiguse hiyo gari mpaka bodi imefungwa kwa skwea tyubu, zile bomba za chuma za pembe nne, na imepimwa. Hata ukisoma hapa tu ukaacha, umeshapata kile nilikosa mwaka wa 2017.

Yangu niliipata shambani upande wa Njoro, ilikuwa banda la kuku, sitaki kuongea mengi kuhusu hiyo siku ju bado naona ni siku nzuri. Baba yangu alikuwa ananihadithia Safari Rally tangu nikiwa mdogo, venye Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda na 240Z mwaka 1971, halafu Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda na ingine 1973 na ile ya 73 Mehta alimaliza pointi sawa kabisa na dereva mwingine, Harry Källström, ikabidi waamuliwe. Kwa hivo nilipoona ile pua ndefu imetokea chini ya majani sikuwa na akili ya kuuliza maswali. Nikalipa, tukaipakia kwa lori, tukaileta.

Kufika nyumbani nikatoa kapeti. Kwa hizi gari chini ya kapeti kuna tabaka la lami limebandikwa kwa floo kupunguza kelele, linaonekana zima, ukiligonga linasikika zima. Sasa hiyo lami ndiyo mwongo wa kwanza. Maji yanaingia pale chini ya windskrini ambapo majani yameziba njia ya kutokea, yanateremka ndani ya nguzo ya mbele, yanafika kwa floo, yanakaa chini ya lami miaka na miaka. Nilichukua bisibisi nikasukuma kidogo tu, ikapita mpaka nikaona nyasi. Pale betri inakaa pia chuma kilikuwa kimekuwa kama biskuti iliyolowa, asidi ilikula yote. Na zile boksi za chini ya milango, upande wa dereva niliingiza vidole vinne.

Ndio nikatafuta fundi, nikaambiwa kuna mmoja anasifika. Simtaji jina. Alikuja, akalala chini ya gari dakika mbili, akatoka akijipangusa mikono, akaniambia maneno ambayo nikiwa mzee nimesahau majina ya watoto wangu bado nitayakumbuka: "Kijana, usijali, hii iko na chesi. Unaona hizi reli mbili? Bodi imekalishwa tu juu, kata yote tuweke mpya, haiendi mahali." Mimi nikauliza kama haiwezi kupinda. Akacheka. Akasema gari ilishinda Safari mara mbili, sasa itapinda ikiwa imesimama gereji?

Na mimi nikaona ameongea point.

Sikiza sasa, hapa ndio kuna kila kitu. Huyo mtu alikuwa amezoea pikapu. Pikapu iko na chesi ya ukweli, chuma nzito kama ngazi, unaweza kutoa kebini yote na kareya na bado chesi ikasimama peke yake na magurudumu yake. 240Z HAINA HIYO KITU. Bodi yenyewe ndiyo chesi. Zile reli mbili unaona chini ni bati limekunjwa kama herufi U, juu liko wazi, na floo ndiyo kifuniko chake. Zikiwa zimechomelewa pamoja zinakuwa boksi, na boksi ndiyo ina nguvu. Ukikata floo umetoa kifuniko, kile kinabaki ni gata ya nyumba. Ukitoa na ile boksi ya chini ya mlango, basi kati ya gurudumu la mbele na la nyuma gari imeshikwa na ule mgongo wa floo unaofunika giaboksi katikati na paa juu. Na mlango wa 240Z ni mrefu, tundu lake ni kubwa, kwa hivo hiyo boksi unataka kukata ndiyo ilikuwa inabeba kazi yote. Za kina Herrmann na Mehta zilikuwa bodi nzima hazina kutu. Yako na yangu ni bodi imeliwa miaka 50. Usiniambie mambo ya Safari.

Tuliweka gari kwa stendi nne, mbili mbele kabisa na mbili nyuma kabisa, katikati hewani, eti ndio tupate nafasi ya kufanya kazi. Injini ndani. Windskrini ndani. Milango nje. Jamaa akawasha grainda saa tatu asubuhi, kufika saa kumi alasiri floo zote mbili zilikuwa zimelala kwa mchanga na boksi zote mbili zimetoka. Upande wa kushoto na wa kulia, siku moja, kama vile fundi wako anataka. Nilipiga picha, nikatumia marafiki, nikaandika "kazi imeanza".

Usiku nilisikia kitu. Gereji yangu iko nyuma ya chumba cha kulala. Ilikuwa sauti fupi, kaa!, kama mtu amevunja fimbo. Nikadhani ni paka ameangusha kitu. Asubuhi windskrini ilikuwa na ufa kutoka kona ya chini mpaka kona ya juu, na hakuna mtu aliigusa. Fundi alipokuja nikamwonyesha, akasema ni baridi ya Nakuru.

Baridi!

Akachomelea floo mpya. Alitumia ile mashine ya kawaida ya vijiti, kwa bati la unene wa kama milimita moja, akatoboa, akaziba, akatoboa tena. Hiyo mtu angeweza kusamehe. Lakini alichomelea gari ikiwa imeshabonyea katikati. Unaelewa? Alichukua bodi imepinda akaifunga na chuma kipya ikiwa hivo hivo, akaifanya ikae imepinda milele. Siku ya kurudisha milango, mlango wa dereva ulifika nusu ukagonga juu. Tukasukuma, haukubali. Nguzo ya mbele na ya nyuma zilikuwa zimeegemeana huku juu kama watu wawili wamelewa. Na huyo mtu, badala ya kusimama aseme tumekosea, alichukua grainda akapunguza ukingo wa mlango, akasogeza bawaba, akajaza puti pale chini palibaki wazi, akaniambia "hizi gari za zamani ndio ziko hivo". Nikalipa 65,000. Nikapeleka ikapigwa rangi nyekundu, 90,000 ingine. Kila mtu akasema imetoka safi.

Mvua ya Aprili ikaja. Maji yakaingia juu ya mlango kila siku ju raba haikuwa inagusa. Puti inafyonza maji ikipata mahali rangi imepasuka, kwa hivo kufika Julai kulikuwa na malengelenge kote chini ya milango, ukibonyeza yanatoa maji ya kahawia. Na barabarani, ukiingia shimo kule karibu na Mau Summit, mlango unafunguka wenyewe. Mtoto wangu alikuwa kwa kiti cha kando ya mlango siku moja. Hapo ndio niliacha kuiendesha.

Aliyeiokoa ni mzee mmoja wa hapa mjini anayetengeneza bodi za matatu. Hakuongea sana. Alichukua kamba, akapima tundu la mlango kona kwa kona, msalaba. Kushoto vipimo viwili vilitofautiana milimita 17, kulia 11. Akaniangalia akauliza, "Nani alikata hii bila kufunga?" Nilitaka kulia, na sioni aibu kusema. Ilibidi atoe kazi yote ya yule mwingine, afungue kila mahali alichomelea, ainue katikati na jeki na mbao, milimita mbili, asubiri, anapima, mbili tena, siku tatu nzima mpaka mlango ukafunga wenyewe kwa kidole kimoja. Halafu ndio akafunga na tyubu, na ndio akaanza kuchomelea floo mpya. Hiyo ilinigharimu 230,000 bila windskrini, na rangi yote ya kwanza ikaenda kwa takataka. Pesa ya yule wa kwanza ukijumlisha na hii na rangi, ningenunua gari ingine ya kwenda kazini.

Sasa venye mzee alifanya, na venye unafaa kufanya kabla ya kitu kingine chochote. Toa injini na giaboksi, toa vioo, gari iwe nyepesi. Iweke kwa stendi zikae pale suspensheni inabeba, si mwisho wa pua na mwisho wa mkia, na katikati pia upate msaada wa kugusa tu bila kuinua. Isawazishe. Pima maji ndogo haitoshi, tumia ule mpira wa maji unaoonekana ndani, mafundi wa mawe wanatumia kusawazisha msingi, kona nne ziwe sawa. Milango IKIWA BADO MAHALI PAKE, imefungwa, angalia nafasi kati ya mlango na bodi, ikiwa iko sawa kutoka juu hadi chini, pima kona kwa kona, andika namba kwa ukuta na chaki. Kama nafasi haiko sawa saa hii basi imeshaanza kubonyea na inafaa irudishwe kwanza. Halafu chukua skwea tyubu ya inchi moja, chomelea kutoka nguzo ya mbele mpaka nguzo ya nyuma, moja juu moja chini na moja ya kukatiza, halafu zingine zivuke kutoka upande wa kushoto hadi wa kulia. Ziwe ndani ya gari ndio uweze kufunga mlango na kujaribu kila wakati. Pima tena. Ndio sasa uwashe grainda, na ukate upande MMOJA, umalize, mlango ufunge, ndio uguse wa pili. Na kata vipande vidogo, si floo yote.

Uliza fundi wako atatumia mashine gani. Kwa bati hilo unataka MIG, ile mashine ya kuchomelea kwa waya, nukta nukta, kuruka hapa na pale ndio chuma isipate joto ikajikunja. Akisema vijiti, tafuta mwingine, Kisumu haikosi. Na tanki la petroli litoke kabisa, si kufunikwa na gunia lililolowa kama nilivyoona watu wakifanya.

Na zile video mnaangalia za wazungu wamefunga bodi kwa mtambo wa kuizungusha kama mbuzi wa kuchoma, wanakata floo yote bila wasiwasi, angalia vizuri dakika za kwanza. Tyubu ziko ndani. Hawaongei juu yake ju kwao ni kitu kila mtu anajua, na wewe unaruka hiyo sehemu kufika pale cheche zinaruka. Mimi pia niliruka.

Injini ulikuwa umeuliza. L28 inaingia palepale L24, injini yake ya kiwanda, ilikaa, ni familia moja, lita 2.75 badala ya 2.4, usisumbuke. 2JZ ni nzito na ina nguvu ya kupinda bodi nzima, sasa kwa bodi yako, nakuomba usiseme hiyo namba tena mpaka milango ifunge.

Leo ni Alhamisi. Kesho asubuhi, kabla huyo fundi hajafika, pima tundu la mlango kona kwa kona, pande zote mbili, milimita, si inchi. Piga picha ya nafasi ya juu ya mlango na ya chini. Weka hapa. Nitakuwa nimeamka saa kumi na moja nakusubiri.