Alovera ikipigwa na baridi, usikimbilie maji

Nilipohamia Njombe kutoka Tanga nilipanda basi na vitu vitatu vilivyomkera kondakta: mkeka, feni, na ndoo ya rangi yenye alovera. Feni sijaiwasha hadi leo. Alovera ilikuwa ya mama. Kwetu tunaiita mshubiri, na kabla haijawa dawa ya ngozi ya watu wa mitandaoni, mama aliitumia kuwaachisha wadogo zangu ziwa. Anapaka utomvu kidogo tu, mtoto anaonja mara moja, anakunja uso, biashara imeisha.

Mwezi wa saba wa mwaka ule wa kwanza ndoo ilikuwa kibarazani, kama ilivyozoea kukaa Tanga. Usiku mmoja anga likawa jeupe, nyota tele, upepo hakuna. Sikujua kwamba huku usiku mzuri namna hiyo ndio wa kuogopwa: mawingu yakikosekana, joto la ardhi linapaa lote, hakuna cha kulifunika. Asubuhi nyasi za uwanjani zilikuwa nyeupe kwa sakitu, ule umande ulioganda. Alovera nikaikuta imesimama, kijani vilevile, ngumu hata kuliko kawaida. Nikashukuru Mungu, nikaenda kazini.

Niliporudi mchana jua lilikuwa limeshaipata. Majani ya nje yalikuwa yamelegea, rangi imegeuka kama ya mchicha uliotoka sasa hivi kwenye sufuria. Nilishika jani moja nikaona kivuli cha kidole changu upande wa pili. Mawili yalikuwa yamelala kwenye ukingo wa ndoo, yanavuja maji.

Jani la alovera ni tangi. Maji yaliyomo yakiganda, barafu inapasua seli. Ikiyeyuka, tangi limeshapasuka na haliwezi tena kushika kitu. Ndiyo maana asubuhi lilionekana zima na mchana likatepeta. Jani lililofika hapo halirudi, hata ulifanyie nini. Lakini jani si mmea. Uhai wa alovera uko kwenye moyo, pale katikati majani machanga yanapotokea, na kwenye shina fupi lililo chini yake. Hapo ndipo pa kukagua kwanza, kwa kidole: pakiwa pagumu, una mmea. Pakibonyea na kutoa harufu, una kazi.

Mimi sikukagua chochote. Nilidhani ni kiu, nikamwaga kopo mbili za maji. Nikaihamishia jikoni karibu na jiko la mkaa ili ipate joto. Kesho yake nikaongeza mbolea. Siku ya nne nyumba ikaanza kunuka.

Mama mwenye nyumba alikuja kuuliza harufu ni ya nini. Baada ya kamwene zetu, ndizo salamu za huku, aliitazama ndoo, akainamisha kichwa kuangalia chini yake kama ina tundu. Haikuwa nalo.

"Mwanangu, wewe ukitetemeka kwa baridi huwa unamwagiwa ndoo ya maji?"

Nilicheka, lakini alikuwa amemaliza somo lote. Mizizi iliyopoa hainywi. Maji yanabaki palepale kwenye udongo wa baridi, siku hadi siku, na kidonda kilichofunguliwa na barafu kinapata kila kinachohitaji ili kioze. Baridi iliniharibia majani saba au manane. Mengine niliyamaliza mwenyewe kwa huruma.

Nilipovuta mmea ulitoka wote mkononi bila mizizi, chini umekuwa uji wa kahawia. Ila juu, moyo ulikuwa bado mgumu. Hapo nilifanya jambo moja la maana: nilichukua kisu kikali, nikakisafisha, nikaanza kulikata shina kutoka chini kipande baada ya kipande, kama unavyokata muhogo wenye mishipa myeusi ukitafuta mahali palipo peupe. Usikate mara moja ukaridhika. Ukiona hata doa moja la kahawia katikati, endelea, kwa sababu uozo hupanda kupitia hapo hapo. Nilipofika kwenye nyama safi, na utomvu wa njano ukachuruzika pembeni, niliacha. Ule utomvu ndio shubiri yenyewe, na siku hiyo uchungu wake ulikuwa habari njema.

Kilichobaki kilikuwa kama kitunguu kikubwa chenye majani matano. Nilikiweka juu ya gazeti kwenye rafu, kivulini, siku kumi, hadi kidonda kikakauka na kufanya ngozi. Hii hatua hairukwi, ila watu wengi kwa haraka yao wanairuka, halafu wananiuliza mbona chao kimeoza tena. Kisha nikakisimika juu ya udongo mkavu, mkavu kweli, na sikukipa tone la maji kwa wiki nzima nyingine. Baada ya kama mwezi mmoja nilikitikisa kidogo, kikagoma. Kilikuwa kimeshika.

Watoto watatu waliokuwa wamechipua pembeni ya ndoo niliwatoa pia, wote wazima. Hao ndio bima yako. Ukiona mama yao anaelekea pabaya, wang'oe mapema. Ila usijidanganye kwamba utachomeka jani la alovera likaota. Sansevieria, ule mmea wa majani marefu magumu yaliyosimama kama panga, inakubali hivyo, alovera haikubali, jani linaoza tu.

Kama yako imepigwa jana usiku, isogeze ndani mahali penye mwanga lakini si juani na si karibu na moto. Kata yale tu yaliyogeuka maji, hasa yanayovujia moyoni. Jani lililoharibika ncha liache. Litakauka lenyewe na kujifunga, na nusu iliyobaki inalisha mmea. Rangi ya wekundu au udhurungi kwenye jani gumu si kifo, ni kulalamika tu, hufifia joto likirudi. Mbolea iache dukani. Maji subiri mpaka uone jani jipya likichomoza katikati. Kwangu lilichomoza mwezi wa kumi, jembamba kama kijiti cha kiberiti, na nusura nilifanyie sherehe.

Ndoo niliitoboa matundu sita kwa msumari wa moto. Udongo sasa nachanganya nusu kwa nusu na mchanga wa mto wa chembe kubwa, pamoja na yale mawe mepesi yenye vitundu yanayotoka upande wa Rungwe. Mmea huu asili yake ni Uarabuni, kwenye milima mikavu ya Oman. Hata bila baridi, udongo wa mfinyanzi unaoshika maji unauonea.

Kuanzia mwishoni mwa Mei naingiza makopo yote ndani kabla jua halijazama, na siyabani kwenye kioo cha dirisha, kwa kuwa jani linalogusa kioo huungua kwa baridi palepale linapogusa. Nikichelewa, nafunika kwa gunia au kanga kuukuu. Nailoni hapana: ikilala juu ya jani, baridi inapita kama vile hujafunika kitu.

Mtoto mmoja nilimpa mama mwenye nyumba. Ameuweka juu ya kabati, mbali na jiko, kwenye sufuria iliyotoboka. Anaumwagilia mara moja kwa mwezi na anasema hata hiyo ni kuudekeza.