Laptopu inasoma 25, bodi inasoma milioni 117

SWALI: Habari mtaalamu. Niko Kisumu, naandika programu ya C inayopokea vipimo vya joto la maji kutoka vizimba vya samaki ziwani. Kila rekodi ina baiti moja ya namba ya kihisi, kisha joto kwa biti 32. Kwenye laptopu ya Intel napata 25. Kwenye bodi kuukuu yenye prosesa ya ARMv5 napata 117440537. Skripti ya configure, ile inayochunguza mashine kabla ya programu kujengwa, ina jaribio la kuona kama prosesa inadai data ipangiliwe kwenye memori, lakini nikijenga programu ya bodi kwenye laptopu, jaribio linagoma. Nifanyeje?

JIBU: Nadhani kihisi chako ni namba 7. Zidisha 7 kwa 16777216, jumlisha 25, uone.

Namba ya biti 32 hutakiwa ianzie kwenye anwani inayogawanyika kwa 4. Yako inaanzia baiti ya pili ya rekodi, nawe umeisoma kwa kugeuza pointa (anwani ya data) kuwa uint32_t *, yaani pointa ya namba ya biti 32. Intel huvumilia. ARMv5 huchukua baiti nne kuanzia mwanzo wa rekodi, ikazizungusha, na ile 7 ikaishia juu kabisa ya joto lako. Hakuna kosa linalotangazwa, na hapo ndipo penye hatari. Ukitaka lipige kelele, andika 4 kwenye /proc/cpu/alignment ya bodi. Programu itauawa papo hapo kwa SIGBUS, ishara ya kosa la kusoma memori.

Sasa configure. Jaribio hilo limejengwa kwa ajili ya ARM, laptopu yako italiendeshaje? Mimi ningelifuta. Hata likiendeshwa likafaulu halithibitishi kitu: lugha ya C hairuhusu usomaji huo, na kompaila ikiamini pointa yako imekaa sawa inaweza kutumia amri kama movaps, ambayo hudai anwani igawanyike kwa 16. Hapo hata Intel huanguka.

Kinachoweza kujulikana bila kuendesha chochote ni mpangilio ambao kompaila yenyewe huipa kila aina ya data. Makro ya Autoconf (chombo kinachotengeneza configure), AC_CHECK_ALIGNOF([uint32_t]), hukupa ALIGNOF_UINT32_T kwa kukompaili tu. Ikiwa 0, aina hiyo haikupatikana. Kwa C11, _Alignof inatosha. Usibandike namba kwa mkono: ndani ya struct, double (namba ya desimali) hukaa kwenye mafungu ya 4 katika Linux ya Intel ya biti 32, na ya 8 katika biti 64.

Lakini rekodi yako haihitaji hata hayo. Nakili baiti zake kwa memcpy:

uint32_t joto;
memcpy(&joto, rekodi + 1, sizeof joto);

Usiogope kasi. Kwa -O2 (chaguo la kuharakisha programu), kompaila ya GCC huigeuza kuwa usomaji mmoja pale prosesa inaporuhusu, na kwa ARMv5 husoma baiti moja moja.

Kuna sehemu nyingine zenye kosa hili hili, sina shaka. Jenga kwenye laptopu kwa -Wcast-align=strict, inayoonya pointa ikigeuzwa hivyo (ile isiyo na strict hunyamaza kwenye Intel), na -fsanitize=alignment, inayonasa usomaji huo programu ikiendeshwa, kisha endesha ukitumia rekodi halisi za ziwani.