Mtoto aliyejiwekea lengo mwenyewe kisha akasita: yaliyotusaidia kwetu

Dada, nimesoma ulivyoeleza: binti yako wa miaka 11 alisema kwa kinywa chake atahifadhi Juzuu Amma, ile sehemu ya mwisho ya Kurani, kabla ya Ramadhani, akaanza kwa kasi, sasa kila siku ana udhuru, nawe hujui umkazanie au umwache. Mwaka juzi yalinikuta hayo hayo kwa kijana wangu, naye akiwa na miaka 11.

Kuanzia An-Nas, sura ya mwisho kabisa, kupanda juu alikwenda mbio. Alipomaliza Al-Balad alikuwa na sura 25 kati ya 37, akawa anawatangazia mpaka majirani kwamba zimebaki 12 tu. Akaingia Al-Fajr, akakwama wiki tatu. Ikikaribia saa ya kwenda chuoni, yaani madrasa, tumbo linamuuma. Siku moja napanga nguo, nikakuta juzuu yake kaifunika kwa sare za shule kabatini. Hapo nilikosea mara mbili: nilimwahidi baiskeli, na nikamtajia mtoto wa mama yake mkubwa aliyekwishamaliza. Baiskeli ikamfanya asome harakaharaka ili apitishwe tu. Kesho yake hana kitu kichwani. Hilo la kumlinganisha lilimliza, na nilimwomba radhi.

Mambo yalifunguka siku niliyokaa naye nikamwuliza taratibu, shida hasa ni nini. Akasema, "Mama, akili yangu imeisha." Nilishikwa na uchungu. Nikachukua msahafu, tukahesabu aya badala ya sura. Zote ni 564. Yeye alikuwa nazo 213. Zile sura 12 alizoziita chache zilikuwa na aya 351! Mtoto alikuwa anapima safari kwa sura, na nyingi za mwanzo ni za aya tatu, nne, tano. Zilipoanza kurefuka akadhani yeye ndiye aliyepungua. Nilimwona alivyoshusha pumzi.

Tukatenga daftari la hesabu, lile la vimraba, tukazungushia vimraba 564. Aya akiisoma kwa ghibu anapaka penseli. Wiki ikipita akaisoma tena bila kukumbushwa, anapaka kijani. Aya mbili kwa siku, basi, na siku ya homa hakuna.

Tena nikamwomba anisomeshe, maana Al-Fajr sikuwa nayo. Jioni nakuna nazi, yeye yuko mkekani ananisikiliza. Aya ya 15 na ya 16 zinakaribiana mno: moja inaishia akraman, nyingine ahanan, nami kila nikifika hapo nazipindua. "Siyo hivyo mama, rudia." Tukarudia hadi nazi ikaisha. Kumbe pale pale ndipo alipokuwa anajikwaa yeye mbele ya ustadhi, akaona haya kusema.

Ramadhani iliingia yuko An-Naziat, sura ya pili kutoka mwisho wa safari yake. Alisikitika sana, lakini lengo hatukulipunguza, tulisogeza tarehe tu. Alimaliza Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, na daftari lile ninalo mpaka leo.

Kwa hiyo dada, usimkazanie, na usimwache bado. Leo akirudi chuoni mwulize yuko aya ya ngapi, wala usitaje sura. Kisha keti umsikilize, umngoje pale anapokwama.